Sura ya Sita: Tina, Milo na Ermini wa Theluji

Februari 2024, kwenye jukwaa la tamasha la muziki la Sanremo, Italia iliwatambulisha maskoti wa Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya 2026, ya Milano na Cortina. Walikuwa ndugu wawili, dada na kaka. Dada ana manyoya meupe, anaitwa Tina, jina lililokatwa kutoka Cortina. Kaka ana manyoya ya kahawia, anaitwa Milo, jina lililotoka Milano. Tina alikabidhiwa Olimpiki, Milo akakabidhiwa Paralimpiki. Milo alizaliwa bila mguu mmoja, na kisa chake kinasimulia kwamba alijifunza kuutumia mkia wake kuziba pengo hilo, mpaka upungufu ukageuka kuwa ustadi. Huandamana na maua sita madogo ya theluji yanayoitwa Flo.

Tina na Milo ni ermini. Ermini ni mnyama mdogo mla nyama wa nchi za baridi, ambaye wanasayansi humwita Mustela erminea. Anaishi Ulaya, kaskazini mwa Asia hadi Japani, na ndugu zake wa karibu kabisa wapo Amerika ya Kaskazini. Msomaji wa Afrika Mashariki hajawahi kukutana naye porini, lakini jamaa zake anawajua: ukoo wake ndio ukoo wa kicheche, wa fisi maji, na wa nyegere anayevunja mizinga ya nyuki bila kujali kuumwa. Anayemjua nyegere hatashangaa akisikia kwamba mnyama mwembamba wa gramu 200 na kitu humrukia sungura aliyemzidi uzito mara kadhaa, akamwua.

Sura hii inawahusu ermini wote wawili, wa kuchorwa na wa kweli. Nitaonyesha jinsi mwili wa mnyama ulivyowapa wachoraji karibu kila kitu walichohitaji, na nini kiliachwa nje ya mchoro. Naamini mhusika mzuri wa kuchorwa huzaliwa pale mchoraji anapochagua ukweli mmoja wa mnyama na kuushika kwa uaminifu. Naamini vilevile kwamba sisi tunaompenda mhusika huyo tunawiwa na mnyama mwenyewe: tumjue mzima, pamoja na meno yake.

Watoto wa Taverna

Tina na Milo hawakuanzia katika ofisi ya matangazo ya biashara. Waandaaji wa michezo, wakishirikiana na wizara ya elimu ya Italia, waliwaomba wanafunzi wa shule za nchi nzima wabuni maskoti. Yalikuja mawazo zaidi ya 1,600. Mawili yakabaki, na Februari 2023 wananchi wakapiga kura kuchagua moja. Wazo la ermini likashinda. Mpinzani wake lilikuwa wazo la maua, na waandaaji hawakulitupa: maua ya theluji yakapewa nafasi kando ya washindi, ndiyo hao Flo.

Wazo lililoshinda lilitoka kwa wanafunzi wa Taverna, mji mdogo wa mkoa wa Calabria, kusini kabisa mwa Italia. Taverna ni mji wa vilima, chini ya milima ya Sila, na ndiko alikozaliwa mchoraji Mattia Preti mwaka 1613. Ni mji wenye historia ya rangi na brashi. Jambo linalonigusa zaidi, hata hivyo, ni la kijiografia. Ermini wa Italia wanaishi katika milima ya Alpi tu, ule ukingo wa kaskazini unaopakana na Ufaransa, Uswisi na Austria. Kutoka Alpi hadi Calabria ni karibu kilomita elfu moja. Watoto wa Taverna walimchora mnyama asiyeishi katika misitu yao.

Wapo watakaoona hilo ni kasoro. Mimi naona ndicho kipimo cha kazi yao. Mtoto akimchora mbwa wa nyumbani kwao, nusu ya kazi ameshafanyiwa na mazoea. Akimchora mnyama wa mbali, inambidi aulize: ana umbo gani, hubadilika vipi, anaishi kwa kula nini? Jibu la swali la kubadilika ndilo lililozaa ndugu wawili wa rangi mbili. Michoro ya wanafunzi ilipitia mikononi mwa wataalamu kabla ya kuchapwa kwenye fulana na kushonwa kuwa midoli, lakini kiini cha wazo, yaani ermini mweupe na ermini wa kahawia wakiwa pamoja, kilibaki.

Maskoti wa Olimpiki wana desturi yao. Wa kwanza rasmi alikuwa Waldi, mbwa mwenye miguu mifupi, katika michezo ya München mwaka 1972. Moscow ilimleta dubu Misha mwaka 1980, na Beijing ikamvalisha panda vazi la barafu mwaka 2022. Italia yenyewe, ilipoandaa michezo ya baridi mjini Torino mwaka 2006, iliwachora Neve na Gliz, bonge la theluji na kipande cha barafu. Safari hii iliamua kuchora kitu kinachopumua.

Ermini wa kwanza wa Milano

Ermini si mgeni mjini Milano. Aliingia katika sanaa ya mji huo zaidi ya miaka 500 kabla ya Tina na Milo, kwa mkono wa Leonardo da Vinci.

Kati ya mwaka 1489 na 1491 hivi, Leonardo alimchora Cecilia Gallerani, msichana msomi aliyekuwa mpenzi wa Ludovico Sforza, mtawala wa Milano. Picha hiyo, iliyochorwa kwa rangi za mafuta kwenye ubao wa mti wa jozi, leo iko Kraków, Poland, katika jumba la makumbusho la Czartoryski. Cecilia amempakata mnyama mweupe. Tazama mnyama kabla ya kumtazama bibi. Bega lake limevimba kwa misuli. Shingo imenyooka. Mguu mmoja wa mbele umeinuliwa kidogo, na mwingine umekanyaga mkono wa gauni jekundu huku kucha zikionekana. Kichwa kimegeukia kule kule anakotazama Cecilia, kana kwamba wote wawili wamesikia mtu akiingia. Fuvu chini ya ngozi linaonekana, na jicho liko macho kweli kweli.

Kasoro moja iko wazi: mnyama wa picha ni mkubwa mno kuwa ermini. Ndiyo maana wapo wanaosema Leonardo aliketisha mbele yake jamaa mwingine wa ukoo huo, yule mweupe anayefugwa kuwindia sungura. Lakini Leonardo alikusudia watu wasome ermini. Ludovico mwenyewe, mwishoni mwa miaka ya 1480, alikuwa amepewa nishani ya Ermini na Ferrante, mfalme wa Napoli. Mnyama yule mapajani mwa Cecilia alikuwa pia Ludovico, amepakatwa.

Hapo kuna uzi ambao ni vigumu kuuacha ukapita. Ufalme wa Napoli ndio uliokuwa ukiitawala Calabria. Heshima ya ermini ilitoka kusini ikapanda hadi Milano, mikononi mwa mfalme. Zaidi ya karne tano baadaye, ermini mwingine akatoka kusini akapanda hadi Milano, safari hii mikononi mwa watoto wa shule.

Kwa nini wafalme walimtaka mnyama mdogo hivi? Kwa sababu ya rangi yake ya baridi kali. Ngozi nyeupe za ermini, zikiwa na ncha nyeusi za mikia, zilishonwa kuwa mapambo ya majoho ya wafalme, watawala na majaji wa Ulaya. Madoa meusi yanayoonekana kwenye joho la kifalme katika picha za kale ni ncha hizo. Alama hiyo hiyo, iliyorahisishwa na wachoraji wa ngao, ndiyo iliyokuwa nembo ya watawala wa Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, na bado imo kwenye bendera ya huko. Na weupe ukazaa hekaya: iliaminika kwamba ermini akikimbizwa na wawindaji huona afadhali akamatwe kuliko kujificha kwenye shimo la tope akachafua manyoya yake. Leonardo aliiandika hekaya hiyo katika madaftari yake, akimfanya ermini kuwa mfano wa kiasi na usafi.

Mnyama wa kweli hana habari na usafi huo. Hupenya kwenye mashimo ya panya, mirundo ya mawe, kuta za ghala na mabomba ya maji machafu. Huogelea, hata akavuka zaidi ya kilomita moja ya maji ya bahari. Mhusika wa kwanza aliyetengenezwa kutokana na ermini, yaani ermini wa hekaya, alijengwa juu ya uongo. Weupe ulionekana, ukapewa maana, na hakuna aliyeuliza mnyama anaufanyia nini.

Weupe ni kazi

Weupe wa ermini ni silaha na kinga. Wakati wa kiangazi cha kaskazini mgongo wake ni wa kahawia yenye wekundu, na tumbo ni jeupe lenye umanjano kidogo. Majira ya baridi yakikaribia huanza kunyonyoka. Weupe huanzia tumboni na kupanda ubavuni, ukaufikia mgongo na kichwa mwishoni. Majira ya joto yakirudi, kahawia huanzia kichwani na mgongoni, ikashuka kuelekea tumboni. Katikati ya mabadiliko hayo mnyama hutembea akiwa na rangi mbili, sehemu ya theluji na sehemu ya udongo.

Saa inayoamuru mabadiliko hayo ni mwanga. Siku zinapofupika, macho hupeleka habari hiyo kwenye ubongo, homoni hubadilika, na nywele mpya huota bila rangi. Baridi yenyewe huharakisha au huchelewesha, na urithi wa mnyama huamua kama atakuwa mweupe wote au nusu. Ndiyo sababu ermini wa Scotland hugeuka weupe ilhali wengi wa kusini mwa Uingereza hubaki kahawia mwaka mzima. Lakini mkuu wa kazi ni urefu wa siku, na urefu wa siku haujui kama theluji imeshuka.

Hapa ndipo mchoro wa Taverna unaposema zaidi ya ulivyokusudiwa. Tina na Milo ni ndugu wawili, lakini rangi zao ni majira mawili ya mnyama mmoja. Ermini yule yule ni Milo mwezi wa Julai na Tina mwezi wa Januari. Watoto waligawanya mwaka mmoja katika miili miwili. Katika mabango ndugu hao wanasimama bega kwa bega, wanacheka. Mlimani, ermini mweupe na ermini wa kahawia wakisimama kwenye ardhi moja saa ile ile, mmoja wao amevaa rangi isiyofaa. Kama ardhi ni theluji, Milo anaonekana kutoka angani. Kama theluji imeyeyuka, Tina ndiye anayeng'aa juu ya majani makavu, na kila bundi na mbweha anamwona.

Hilo la pili linazidi kutokea. Watafiti katika msitu wa Białowieża, nchini Poland, walifuatilia habari za miongo kadhaa za jamaa mdogo wa ermini ambaye naye ana aina inayogeuka nyeupe na aina inayobaki kahawia. Siku zenye theluji zimepungua sana huko tangu miaka ya 1960, na utafiti wao uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wenye manyoya meupe wamo katika hatari kubwa zaidi ya kuonekana na kuliwa wakati ardhi haina theluji. Milima ya Alpi nayo inapata joto. Barafu zake za kale zinarudi nyuma, na michezo ya baridi siku hizi hutegemea sana theluji inayopulizwa na mashine. Mashine hufunika njia za kuteleza. Hazifuniki makazi ya ermini.

Mkia

Wachoraji walimpa Milo mkia wa kazi. Mkia wa ermini wa kweli hauwezi kubeba mwili wake, lakini una kazi nyingine ya ajabu zaidi.

Ermini akigeuka mweupe, ncha ya mkia hubaki nyeusi. Kwa mnyama anayejificha kwenye theluji, jambo hilo linaonekana kama kosa la maumbile: kwa nini ufiche mwili mzima kisha upeperushe kidoa cheusi? Mwaka 1982 mtafiti Mmarekani Roger Powell alichapisha jaribio lililolijibu swali hilo. Alitumia mwewe waliofunzwa, akawapitishia sanamu za wanyama wa ukoo huu juu ya sehemu nyeupe. Nyingine zilikuwa ndefu, nyingine fupi. Nyingine hazikuwa na doa, nyingine zilikuwa na doa mwilini, nyingine kwenye ncha ya mkia. Mwewe waliokabili sanamu ndefu yenye doa kwenye mkia walikosea mara nyingi zaidi. Waliliona doa, wakalilenga doa, na mwili ukawaponyoka.

Sanamu fupi hazikupata faida hiyo, kwa sababu mkia mfupi uliweka doa karibu mno na mwili. Na maumbile yanakubaliana na jaribio: yule jamaa mdogo wa ermini, mwenye mkia mfupi, hana ncha nyeusi. Kwa hiyo zile ncha zilizopambwa kwenye majoho ya wafalme zilikuwa kitu cha kumpotosha ndege mwindaji. Mfalme aliyejivika mamia ya mikia ile alijivika, bila kujua, mamia ya hila za kuokoa roho.

Nampenda Milo kwa sababu hiyo pia. Waliomchora waliufanya mkia kuwa kiungo kinachomwezesha kuishi. Njia yao si ya kibayolojia, lakini wameifikia kweli yenyewe: mkia wa ermini humwokoa. Zaidi ya hapo, walimpa mtoto mwenye ulemavu mhusika ambaye kisa chake hakihusu kuhurumiwa. Anatenda, anabuni, anashindana.

Gharama ya wembamba

Mchoro wowote wa ermini hupata uzuri wake kutokana na umbo lake refu, jembamba, linalopinda. Umbo hilo lina sababu na lina gharama.

Sababu ni mashimo. Ermini huwinda panya wadogo wa porini, na panya hao wakati wa baridi huishi katika njia walizochimba chini ya theluji. Mbweha lazima achimbe au aruke na kubahatisha. Ermini huingia. Kichwa chake kikipita, mwili wote utapita, kwa sababu mabega na nyonga havina upana wa kuzuia. Jike, aliye mdogo sana kuliko dume, hupita hata mahali dume asipopita. Akilifikia windo, huuma nyuma ya shingo, chini ya fuvu, na kifo huja upesi. Nje ya mashimo hukimbia akiupinda mgongo, kisha husimama ghafla kwa miguu ya nyuma, wima kabisa, kichwa kikigeuka huku na huku. Mkao huo wa kusimama wima ndio ambao wachoraji wa katuni huupenda, maana hapo tayari anafanana na mtu mdogo aliyesikia jina lake likiitwa.

Gharama ni joto. Chai iliyomiminwa kwenye kisahani hupoa kabla ya chai ya kikombe, na mwili mrefu mwembamba hupoteza joto kwa kanuni hiyo hiyo: ngozi ni nyingi, nyama ni kidogo. Mwaka 1972 James Brown na Robert Lasiewski walipima jamaa wa karibu wa ermini huko Marekani na kuonyesha kwamba katika baridi anachoma nguvu nyingi zaidi kuliko mnyama wa uzito sawa mwenye umbo la kawaida. Hana nafasi ya kuweka mafuta mengi, maana akinenepa hataingia shimoni. Hana manyoya marefu, kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo anakula karibu robo ya uzito wake kila siku, anawinda usiku na mchana, na akipata zaidi ya hitaji huua na kuweka akiba. Watu walioona banda la kuku baada ya ermini kupita walimwita mkatili anayeua kwa raha. Ukweli ni kwamba ana akiba ya saa chache tu kati yake na njaa.

Uzazi wake nao umefungwa na majira. Jike hupandwa wakati wa joto, lakini viinitete havijishikizi mara moja kwenye mfuko wa uzazi. Hubaki vimesimama kwa miezi tisa au kumi. Mwanga wa siku ukianza kurefuka tena, hujishikiza, na baada ya wiki nne hivi watoto huzaliwa, wakati panya wameanza kuwa wengi. Jike kijana hupandwa angali mtoto kiotani, hajafungua macho, na dume mkubwa aliyemtembelea mama yake. Hivyo jike anayeondoka nyumbani peke yake, akiwa na miezi michache tu, tayari amebeba kizazi kijacho. Ni maisha yaliyoandikwa kwa haraka, kwa sababu ermini wengi hawafiki umri wa miaka miwili.

Mnyama huyo huyo, kisiwa kingine

Haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Katika miaka ya 1880 walowezi wa New Zealand walikuwa wamezidiwa na sungura, ambao wao wenyewe waliwaleta. Wakaagiza ermini kutoka Uingereza wawamalize sungura. Wataalamu wa ndege walionya mapema. Hawakusikilizwa. Ndege wa New Zealand walikuwa wamekaa mamilioni ya miaka bila mnyama mla nyama wa aina hiyo. Wengine hawaruki, wengine hutaga chini au ndani ya mapango ya miti. Ermini alipofika alikuta meza imeandaliwa. Leo yeye ni mmoja wa wauaji wakubwa wa vifaranga vya kiwi, na serikali ya nchi hiyo mwaka 2016 ilitangaza lengo la kumwondoa kabisa, pamoja na panya na wanyama wengine walioletwa, ifikapo 2050. Hivyo hivyo katika visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Scotland: ermini alionekana huko mwaka 2010, na tangu 2019 unaendeshwa mpango mkubwa wa kumwondoa ili kunusuru ndege na panya wa asili wasiopatikana mahali pengine.

Ermini wa Alpi na ermini wa New Zealand ni mnyama mmoja. Mmoja ni mwenyeji anayeshika mizani ya panya milimani, mwingine amefanywa kuwa balaa na watu waliomhamisha. Lawama ni ya aliyemsafirisha.

Vitabu vya watoto navyo havikumtendea haki. Kenneth Grahame, katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1908 kuhusu wanyama wa kando ya mto, aliwafanya ermini na jamaa zao kuwa genge la msituni linaloliteka jumba la Chura. Vizazi vya watoto wa Kiingereza vilikua vikimjua ermini kuwa mhuni mwenye bunduki mlangoni. Ukiweka pamoja hekaya ya usafi, genge la Grahame, na ndugu wawili wa Olimpiki, unapata malaika, jambazi na rafiki. Hakuna hata mmoja kati yao anayewinda kwa sababu ana njaa.

Kilichoachwa nje

Sidai kwamba Tina alipaswa kuchorwa akiwa na panya mdomoni. Maskoti ana kazi yake: kumkaribisha mtoto, kuuzwa kama mdoli, kukumbatiwa na mshindi. Kuacha meno ni uamuzi halali wa mchoraji. Katika kazi hii ya kuchora wahusika kutoka kwa wanyama, kosa liko kwingine: ni kumwazima mnyama sura yake na kumpa tabia ambayo haina uhusiano wowote na mwili wake, mpaka ukibadilisha masikio angekuwa mnyama mwingine na hadithi isiharibike. Jaribu kuwageuza Tina na Milo kuwa sungura wa kawaida. Rangi mbili zinakosa sababu. Mkia wa Milo unatoweka. Hadithi inavunjika. Hiyo ndiyo dalili kwamba mchoro umesimama juu ya mnyama wa kweli.

Nasema haya kwa wachoraji wetu pia, wa vitabu vya watoto, wa vibonzo na wa nembo za timu. Tuna simba wengi mno na sungura wengi mno. Kicheche yupo, mwenye milia mieupe mgongoni na harufu inayomfukuza mbwa. Nyegere yupo. Fisi maji yupo Ziwa Victoria. Kabla ya kumchora yeyote kati yao, kaa na swali walilolikabili watoto wa Taverna: mwili huu umeumbwa hivi kwa ajili ya kazi gani? Chora jibu la swali hilo, na mhusika wako hatafanana na wa mtu mwingine yeyote.

Na wewe uliyemnunulia mwanao mdoli wa Tina, au uliyemwona kwenye runinga tu, mwambie mtoto mambo mawili. Mwambie Tina na Milo ni mnyama mmoja aliyebadili nguo. Kisha mwambie kwamba nguo nyeupe ina faida pale tu theluji inapokuwepo, na kwamba theluji ya Alpi inapungua kwa sababu ya joto ambalo binadamu wameliongeza. Mnyama aliyeipa Italia maskoti anastahili kubaki na mlima wa kuvalia manyoya hayo.